Nisomee eskaveta au niachane na mitambo? Jibu kwa opereta wa rola

Swali limetoka kwa kijana wa miaka 26 anayeendesha rola, mtambo wa kushindilia udongo, kwenye miradi ya barabara. Ameweka akiba ya kulipia kozi ya eskaveta, mtambo wa kuchimba, lakini wenzake saiti wanamcheka. Wamemwonyesha video ya buldoza inayosukuma udongo kebini ikiwa tupu, na fomeni wake kamwambia kwamba ndani ya miaka kumi mitambo yote itakuwa inajiendesha. Anauliza: atoe hela hiyo, au aachane na mitambo kabisa atafute kazi nyingine?

Lipia kozi, ndugu yangu. Ila ichague kwa makini, na usizeekee kwenye rola. Fomeni wako hajadanganya, lakini anazungumza kana kwamba mitambo yote inafanya kazi ya aina moja. Tipa, rola, greda, eskaveta na kreni kila kimoja kina hatari yake, na ndani ya mtambo mmoja kuna sehemu ya kazi ambayo kompyuta imeshaichukua na sehemu ambayo bado inaihangaisha.

Video uliyoonyeshwa huenda ni ya kweli kabisa. Mwaka 2008 kampuni ya mitambo ya Komatsu iliingiza malori yasiyo na dereva katika mgodi wa shaba wa Gabriela Mistral nchini Chile, na mwishoni mwa mwaka huohuo malori ya namna hiyo yakaanza kazi katika machimbo ya chuma ya kampuni ya Rio Tinto huko Pilbara, Australia. Tunazungumzia malori yanayobeba karibu tani 300 kwa safari moja, usiku na mchana, bila mtu kwenye usukani. Wanaoyasimamia wengi wao wapo Perth, karibu kilomita 1,500 kutoka mgodini. Kwa hiyo anayekwambia kwamba teknolojia hii ni ndoto za wanasayansi, mwambie imeshapita miaka 15 na ushee ikiwa kazini.

Sasa jiulize kwa nini ilianzia mgodini na haikuanzia kwenye barabara yako. Mgodi mkubwa una geti. Hakuna mwananchi anayekatiza, na kila gari linaloingia kwenye eneo la malori hayo hufungwa kifaa ili mfumo ulione. Lori linapita njia ileile kwa miaka: linapakiwa hapa, linamwaga pale, linarudi. Gharama ya kufunga mitambo ya mawasiliano, kuchora ramani na kufundisha watu inagawanywa kwa miaka mingi ya uzalishaji. Saiti ya barabara haina hata kimoja kati ya hivyo. Wiki hii mko hapa, wiki ijayo mmesogea mbele. Magari ya watu yanapita upande mmoja huku nyie mkichimba upande wa pili. Sevea, yaani mpima ardhi, anasimamisha kifaa chake katikati ya njia ya tipa, fundi wa karavati anaacha nondo mahali ambapo jana hapakuwa na kitu, na mvua ikinyesha usiku ramani ya jana haina maana asubuhi.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulipita haraka wanapotazama hizo video za migodini. Lori halina mtu, lakini mtambo unaochota mawe na kulipakia lori hilo kwa kawaida bado una opereta. Kuendesha ni kutoka sehemu moja kwenda nyingine bila kugonga kitu. Njia inajulikana na gari haliibadilishi. Kuchimba ni kupambana na kitu ambacho hakionekani mpaka ukiguse. Baketi ikishaingia ardhini umebadilisha mazingira yako mwenyewe: ukuta wa shimo umelegea, jiwe limejitokeza, maji yameanza kutoka. Kila mchoto unaofuata ni swali jipya.

Ndiyo maana nakuambia eskaveta ni uamuzi mzuri kuliko kubaki ulipo. Sikuambii kwamba eskaveta iko salama milele. Mwaka 2021 watafiti wa Baidu, kampuni ya teknolojia ya China, walichapisha matokeo ya eskaveta iliyopakia udongo yenyewe kwa saa 24 mfululizo bila mtu kuingilia, kwa kasi inayokaribia ya opereta mzoefu. Mwaka 2023 wenzao wa chuo kikuu cha ETH Zurich, Uswisi, walionyesha eskaveta ya tani 12 iliyojenga ukuta wa mawe makavu wenye kimo cha meta 6 na urefu wa meta 65. Mashine hiyo iliyaokota mawe yasiyochongwa, ikayapima umbo kwa kamera na leza, kisha ikachagua kila jiwe likae wapi. Hiyo ni kazi ambayo hata opereta mzuri ingempa taabu. Nchini Marekani kampuni ya Built Robotics ilianza na mfumo wa kufunga juu ya eskaveta za kawaida ili zichimbe mitaro, na baadaye ikaelekea kwenye upigaji wa nguzo za mashamba ya umeme wa jua. Huo uamuzi wa kibiashara una maana: shamba la jua ni uwanja mpana, tambarare, uliofungwa, wenye maelfu ya nguzo zinazofanana. Yaani walitafuta saiti inayofanana na mgodi.

Kipimo chako basi kiwe hicho. Kadiri kazi inavyojirudia, eneo linavyoweza kufungwa, na ardhi inavyojulikana, ndivyo kebini inavyokaribia kuwa tupu.

Pima rola kwa kipimo hicho uone. Unapewa eneo, unaambiwa idadi ya mapito, unakwenda na kurudi kwa mwendo uleule huku kila mpito ukiupandia kidogo ule wa kwanza. Rola za kisasa zina sensa kwenye ngoma inayopima namna udongo unavyojibu mtetemo, na setelaiti inachora kwenye skrini rangi za mahali palipopitwa mara mbili, mara nne, mara sita. Kutoka hapo hadi rola kujipitisha yenyewe ni hatua fupi. Japani kampuni ya Kajima imeshafanya hivyo: kwenye ujenzi wa bwawa la Naruse, mkoa wa Akita, buldoza, rola na malori yamefanya kazi bila watu ndani, yakisimamiwa na watu wachache kutoka chumba cha udhibiti. Bwawa kubwa, tabaka juu ya tabaka, eneo lililofungwa. Tena ni mgodi kwa jina jingine.

Hata hivyo usiidharau kazi uliyonayo, kwa sababu rola imekufundisha kitu ambacho watu wa eskaveta wengi hawana. Wewe unajua udongo ukizidi maji unavyofanya: unaona wimbi dogo mbele ya ngoma, ardhi inabonyea na kurudi kama godoro, na ukiongeza mapito unazidi kuiharibu. Sensa itaandika kwamba pale hapajashindiliwa vya kutosha. Haitakuambia kama tatizo ni maji, ni udongo wa mfinyanzi uliochanganyika na kifusi kizuri, au ni bomba linalovuja chini. Mfumo usiposimamiwa na mtu anayejua utaendelea kupita palepale. Ujuzi huo wa kuusoma udongo ndio utakaoubeba kwenda nao kwenye eskaveta.

Niende sasa kwenye jambo ambalo kwangu ni zito kuliko buldoza tupu ya kwenye video. Mapinduzi makubwa kwenye mitambo ya ujenzi hayajamtoa opereta kebinini. Yamemwacha amekaa palepale na kumpunguzia thamani ya jicho lake.

Kwa miaka mingi opereta wa greda au eskaveta alijijengea jina kwa kumalizia levo, yaani kuifikisha ardhi kwenye kimo kilichopangwa. Sevea anapiga vigingi, msaidizi anashuka shimoni na fimbo ya kupimia, opereta anakata, wanapima, anakata tena. Aliyeweza kuinyoosha ardhi kwa mapito machache alitafutwa na kila mkandarasi na alipanga bei yake. Leo eskaveta mpya inaweza kuja na antena mbili za setelaiti nyuma, sensa kwenye bumu (mkono mkubwa), kwenye stiki (mkono wa mbele) na kwenye baketi, na skrini inayoonyesha ramani ya mradi. Kompyuta inajua ncha ya jino la baketi iko wapi kwa makosa ya sentimeta mbili au tatu. Unavuta stiki peke yake, na mtambo wenyewe unainua bumu ili jino lisipite chini ya levo iliyopangwa. Hata ukitaka kukosea, unakuzuia. Kampuni ya Caterpillar ilipotoa eskaveta yake mpya ya 320 mwaka 2017, ilifunga mfumo wa kuongoza levo kama sehemu ya kawaida ya mashine, si kitu cha kununua pembeni.

Matokeo yake ni kwamba kijana wa miaka miwili kazini anamalizia mteremko karibu sawa na mkongwe wa miaka ishirini. Vigingi vinapungua, msaidizi mwenye fimbo hahitajiki tena, na sevea anakuja mara chache. Hesabu watu waliopungua pale: opereta hayumo, ila timu yake imekwisha. Na yeye mwenyewe kile kilichomfanya apate mshahara wa juu kuliko wenzake sasa kinauzwa na mashine. Wakongwe wengine huuzima mfumo makusudi, kwa hasira tu, na siwalaumu, ingawa mwenye mradi hatawalipa kwa hasira hiyo.

Lakini tazama kwa karibu uone nafasi yako ilipo. Kompyuta ile inapiga hesabu hadi kwenye ncha ya jino. Meno ya baketi yanakwisha. Ukichimba kwenye mwamba au changarawe ngumu, jino linaweza kupungua sentimeta kadhaa kabla halijabadilishwa. Mfumo haujui. Unaendelea kuamini kwamba ncha iko pale ilipokuwa siku ya kuupima, kwa hiyo skrini inasema umefika levo huku sakafu ya mtaro ikiwa juu zaidi ya inavyotakiwa. Ukiupima upya kwa jino lililokwisha, kisha ukaweka jino jipya bila kuurekebisha tena, kosa linageuka na unachimba kupita kiasi. Vivyo hivyo ukibadilisha baketi ukasahau kuchagua nyingine kwenye skrini, au ukifanya kazi chini ya miti mikubwa au kando ya jengo refu ambako setelaiti zinapotea. Opereta anayepima meno yake asubuhi, anayekwenda kugusa alama aliyoiweka sevea ili kuhakiki kabla hajaanza kukata, na anayejua kusema "leo skrini inanidanganya", ana kazi. Anayefuata rangi ya kijani kwenye skrini mpaka jioni anaweza kuharibu mtaro mzima bila kujua.

Kuna pia vitu ambavyo havimo kwenye ramani kabisa. Bomba la zamani halijaandikwa popote, lakini waliolizika walilifunika kwa mchanga, au walijazia udongo wa rangi nyingine. Opereta mzuri anahisi baketi imeingia kwa wepesi usio wa kawaida, anaona mchanga mahali ambapo pangekuwa na mfinyanzi mwekundu, anasimama na kuita mtu mwenye sepeto. Sekunde hizo mbili za kusita zina thamani kuliko mtaro mzima ulionyooka. Wanaotengeneza mitambo ya kujiendesha wanalijua hili, na ndiyo sababu mara nyingi wanataka mabomba yawe yamechunguzwa na kuwekewa mipaka kabla mashine haijaruhusiwa kuanza.

Umesikia pia habari za kuendesha kwa mbali. Hilo nalo ni la siku nyingi. Mlima Unzen wa Japani uliua watu 43 mwaka 1991 kwa mawimbi ya majivu na gesi ya moto, na tangu katikati ya miaka ya 1990 kazi za kuzuia maporomoko katika eneo la hatari zilifanywa na mitambo iliyoendeshwa na watu waliokaa mbali. Pale kusudi lilikuwa kuokoa maisha, na opereta alibaki na kazi yake akiwa hai. Tatizo la kukaa mbali ni kwamba huhisi mtambo unavyotetemeka, husikii injini inavyolemewa, na picha ikichelewa kidogo tu mkono wako unachelewa nayo, kwa hiyo kazi inakuwa nzito zaidi. Lakini mwenye kampuni anaona kitu kingine. Eskaveta inakaa muda mwingi ikisubiri tipa. Opereta aliye ofisini anaweza kuiacha ikisubiri akahamia kwenye mashine ya saiti nyingine. Nafasi za kazi zitapungulia hapo, kwenye muda wa kusubiri, kabla mashine haijaweza kuchimba yenyewe kwa ustadi. Na anayepata kiti cha ofisini si lazima awe mtu wa kijiji kilicho jirani na mgodi.

Usitishwe na asilimia zinazotupwa mitandaoni. Mwaka 2013 watafiti wawili wa Oxford, Carl Benedikt Frey na Michael Osborne, walikadiria kwamba 47% ya ajira za Marekani zilikuwa katika hatari kubwa ya kuchukuliwa na kompyuta, labda katika muongo mmoja au miwili. Waendesha mitambo ya ujenzi waliwekwa kwenye kundi la hatari kubwa kabisa. Imepita zaidi ya miaka kumi, na idara ya takwimu za kazi ya nchi hiyohiyo bado inatabiri nafasi za maopereta kuongezeka. Wale watafiti walipima kama kazi inaweza kufanywa na mashine kiufundi. Hawakupima nani atanunua mashine hiyo, lini, na kwa faida gani.

Na faida ndiyo inayoamua. Mkandarasi anapopiga hesabu ya saa moja ya eskaveta anajumlisha mafuta, vipuri, riba ya mkopo, uchakavu na mshahara wako. Mahali ambapo mshahara wa opereta ni sehemu kubwa ya jumla hiyo, au ambapo watu hawapatikani kabisa, mashine inayojiendesha inanunuliwa mapema. Japani inakimbilia huko kwa sababu wafanyakazi wake wa ujenzi wanazeeka bila warithi. Serikali yake ilianzisha i-Construction, mpango wa kuingiza teknolojia ya kidijitali kwenye ujenzi, mwaka 2016, na mwaka 2024 ikaweka lengo jipya la kupunguza mahitaji ya nguvukazi kwenye saiti kwa 30% ifikapo mwaka 2040. Mahali ambapo mshahara wa opereta ni mdogo kuliko bei ya mafuta anayochoma kwa siku, mwenye mtambo hana haraka ya kumtoa. Ana haraka ya kumfanya asichome mafuta bure. Ndiyo maana kitu cha kwanza utakachokutana nacho wewe ni kifaa kinachomtumia bosi taarifa: saa ngapi injini imewaka bila kazi, umetumia lita ngapi, umepakia tani ngapi. Baadaye zitafika mashine za mtumba zenye skrini za levo, kwa sababu zile mpya za leo zitauzwa tena.

Wasiwasi wangu kwako hauko kwenye kiti bali kwenye ngazi ya kukifikia. Wengi wetu tuliingia kwenye mitambo kwa kazi nyepesi: kusaidia kupima levo, kuendesha rola, kupeleka tipa. Hizo ndizo zinazoondoka kwanza. Atakayeanza miaka kumi ijayo huenda akatakiwa awe ameiva siku ya kwanza, na hatakuwa na mahali pa kuivia. Wewe bado uko kwenye ngazi, kwa hiyo panda sasa wakati saiti bado ina rola inayokuhitaji na opereta wa eskaveta anayeweza kukuachia usukani nusu saa wakati wa chakula. Mwombe fomeni ruhusa kwanza, maana mtambo ukipinduka bima haitauliza ulikuwa na nia gani.

Kuhusu kozi yenyewe, usilipie kufundishwa liva tu. Liva utazizoea ndani ya wiki chache. Kabla ya kutoa hela nenda chuoni ukaulize wana mashine yenye mfumo wa kuongoza levo au angalau kifaa cha kujifunzia chenye mfumo huo, na kama wanafundisha kuupima na kuuhakiki au wanaonyesha tu pa kubonyeza. Uliza kama utasoma mchoro wa mradi, na kama utafundishwa kutambua huduma zilizozikwa na kuta za mtaro zinazotaka kuanguka. Uliza saa ngapi utakuwa ndani ya mtambo wewe mwenyewe, si umesimama na wenzako thelathini mkimtazama mmoja. Cheti kiwe kinatambuliwa na wanaokagua miradi unayotaka kufanyia kazi. Chuo chenye mashine ya zamani lakini mwalimu aliyemaliza mitaro halisi ni bora kuliko chenye skrini mpya na mwalimu wa vitabuni.

Kreni niliigusa juu juu kwa sababu hukuuliza, lakini kama chuo hicho kinafundisha zote mbili na hela inatosha moja, anza na eskaveta. Kreni ina sheria kali zaidi za vibali, na mtu mwenye eskaveta hupata vibarua vidogo vidogo vingi zaidi: misingi, mashimo ya maji taka, mitaro ya nyaya, kubomoa nyumba iliyobanwa katikati ya nyingine. Kazi hizo ndogo, zilizobanana na zisizofanana, ndizo ambazo hakuna anayehangaika kuzitengenezea mashine ya kujiendesha kwa sasa.

Wakati unasubiri kuanza, omba ukae na sevea wa saiti yenu jioni moja akuonyeshe anavyoweka alama ya levo na anavyojua imehama. Wengi wao hufurahi wakiulizwa.